UZI: Waingereza walipaswa kuupigia kura mkataba wa kujitoa Ulaya? Nasema ndiyo, karibuni kwa hoja

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Kwenye uzi mwingine ulizuka ubishi kuhusu Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, watu wakarushiana maneno hadi hoja yenyewe ikazama. Nimeamua kuileta hapa peke yake kwa sababu jambo hili linanigusa. Naishi Uingereza na mwaka 2016 nilipiga kura. Wengi nyumbani hawajui kwamba Mtanzania, Mkenya au Mganda mwenye ukaazi halali huku aliruhusiwa kupiga kura ile kwa kuwa ni raia wa Jumuiya ya Madola. Jirani yangu Mpolandi, aliyelipa kodi huku miaka mingi na watoto wake wakisoma shule za huku, hakuruhusiwa.

Swali la uzi ni hili: serikali ilipomaliza kujadiliana na Umoja wa Ulaya na kurudi na mkataba ulioandikwa, je, wananchi walipaswa kuulizwa kama mkataba huo wanautaka? Au kura ya 2016 ilitosha na kilichobaki kilikuwa kazi ya serikali na Bunge?

Tuanze na karatasi ya kura ya tarehe 23 Juni 2016, maana ukiikumbuka karatasi ile mengine yanaeleweka. Ilikuwa na swali moja tu: Uingereza iendelee kuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya, au ijitoe? Chini yake majibu mawili, kila jibu na kisanduku chake. Unachukua penseli ya kituoni, unaweka alama, unakunja, unatumbukiza. Kuhusu soko la pamoja, hakuna neno. Kuhusu ushuru wa forodha, hakuna. Kuhusu mpaka wa Ireland, kuhusu Wazungu wa nchi nyingine waliokwisha kuhamia, kuhusu deni ambalo Uingereza ingepaswa kulilipa kabla ya kutoka, karatasi iko kimya.

Waliochagua kujitoa walikuwa 17,410,742, sawa na asilimia 51.9. Waliochagua kubaki walikuwa 16,141,241. Kujitoa kulishinda, na asiyekubali hilo mimi sina mjadala naye. Ila ndani ya hao milioni 17 kulikuwa na mtu aliyetaka kutoka kwenye Umoja lakini abaki kwenye soko la pamoja kama Norwei. Alikuwepo aliyetaka kukata kila kitu. Alikuwepo aliyechoka na uhamiaji, asiyejali kabisa habari za forodha. Na alikuwepo aliyeamini pesa zinazopelekwa Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, zitarudi hospitali. Wote waliweka alama kwenye kisanduku kimoja. Ukishahesabu alama zile huwezi tena kujua nani alitaka nini.

Ndiyo maana nasema kujitoa ni maamuzi mawili. La kwanza ni kuondoka au kutoondoka. La pili ni kuondoka kwa masharti gani. Wananchi waliulizwa la kwanza. La pili, ambalo ndilo linaloamua bei ya chakula, kazi ya dereva wa lori na karatasi za mkulima, waliachiwa watu wachache vyumbani.

Wala si mawazo ya walioshindwa. David Davis, mtu wa kujitoa tangu zamani, ambaye mwaka 2016 alikabidhiwa wizara ya Brexit, alisimama bungeni Novemba 2002 akasema kura ya maoni ifanyike pale watu wanapojua hasa wanachopewa, na kwamba si haki kuwapa wananchi karatasi tupu kisha kuwaambia mtuamini, tutaijaza baadaye. Wakati ule alikuwa anazungumzia mabunge ya mikoa ya Uingereza. Miaka 14 baadaye karatasi tupu ikawa ndiyo hiyo, na yeye ndiye akapewa kalamu ya kuijaza.

Mfano mwingine uko ndani ya Uingereza hiyohiyo. Mkataba wa amani wa Ireland Kaskazini wa Aprili 1998 ulipelekwa nyumba kwa nyumba, andiko lote, watu wakausoma jikoni kwao. Tarehe 22 Mei wakaupigia kura. Asilimia 71 ya wapiga kura wa Ireland Kaskazini wakasema ndiyo, na upande wa Jamhuri ya Ireland wakafika asilimia 94. Mkataba ule ulikuwa na mambo machungu, pamoja na kuwaachia huru wafungwa waliokuwa wameua. Mama aliyeuliwa mwanawe alilisoma hilo kabla ya kupiga kura. Serikali iliyoweza kumwamini mama huyo na andiko gumu kiasi hicho ilishindwaje kumwamini mtu wa Sunderland, mji wa viwanda wa Kaskazini mwa Uingereza, na mkataba wa biashara?

Karibuni.

#2 Mdau wa Tanga

Mkuu, umeandika vizuri lakini mimi siko nawe. Ukishindwa umeshindwa. Serikali yenyewe ilituma kijitabu kila nyumba kabla ya kura, tena kwa pauni milioni 9.3 za walipa kodi, kikisema wazi kwamba uamuzi ni wenu na serikali itatekeleza mtakachoamua. Hakikusema "tutawauliza tena".

Pili, hawa wa Ulaya tunawajua. Denmark walikataa mkataba wa Umoja wa Ulaya wa Maastricht mwaka 1992, wakarudishwa kwenye sanduku 1993. Ireland walikataa mkataba wa Nice 2001, wakarudishwa 2002. Wakakataa wa Lisbon 2008, wakarudishwa 2009. Kila walipokataa walipigishwa tena, walipokubali ikawa imetoka hiyo. Sasa mtu wa kawaida wa huko Kaskazini mwa Uingereza, ambaye kwa mara ya kwanza maishani kura yake imetikisa wakubwa wa London, unamwambia arudi tena? Atakuelewa vipi?

#3 Mleta uzi

Mkuu wa Tanga, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote na sitaipita juu juu.

Kwanza nikubaliane nawe kuhusu huyo mtu wa Kaskazini. Kuna miji huku ambayo viwanda na migodi ilifungwa miaka ya 1980 na hakuna mkubwa aliyekwenda kuuliza wanaishije. Siku ile kura yao ilikuwa na uzito sawa na ya tajiri wa London. Kumwambia mtu huyo kwamba hakuelewa alichokipigia kura ni dharau, na dharau hiyo ilisemwa sana huku, kwenye televisheni na magazetini, na watu waliojiita wapenda demokrasia. Kampeni ya kudai kura ya wananchi ilipozinduliwa London Aprili 2018, sehemu kubwa ya sura zilizokuwa mbele zilikuwa za watu waliotaka kubaki tangu mwanzo. Wenye kujitoa wakaona ni mtego, na sioni namna ya kuwalaumu.

Lakini tazama mifano yako. Denmark na Ireland walirudishiwa mkataba ule ule, ukiwa na nyongeza na misamaha kadhaa. Denmark walipata misamaha minne, ukiwemo wa kutolazimika kutumia sarafu ya pamoja. Hapo unaweza kusema swali limerudiwa. Ninachokitetea ni swali ambalo halijawahi kuulizwa. Mwaka 2016 hakukuwa na mkataba. Novemba 2018 ukawepo, kurasa 585, na malipo yaliyokadiriwa kufika pauni bilioni 39. Kuuliza "huu hapa, mnautaka?" si kurudia.

Kosa lilifanyika kabla, kwenye sheria ya kura ya maoni ya 2015. Pale ndipo pangeandikwa: mkisema tujitoe, tutajadiliana, tutarudi na andiko, na andiko hilo mtalipigia kura. Kila mtu angeingia kituoni anajua hatua ni mbili na asingeweza mtu kulia kwamba ameibiwa. Jacob Rees-Mogg, mbunge wa kujitoa damu damu, alishasema bungeni Oktoba 2011 kwamba zinaweza kufanyika kura mbili, na ya pili ikawa na maana zaidi ikija baada ya majadiliano. Wazo lilikuwepo, na lilitoka upande wao. Lililetwa mezani baada ya watu kushindwa, na kwa sababu hiyo likanuka.

Hili lilishafanyika New Zealand. Septemba 1992 wananchi waliulizwa kama wanataka kubadili mfumo wa uchaguzi na, kama ndiyo, mfumo gani. Karibu asilimia 85 walitaka mabadiliko. Serikali haikukimbia na ushindi huo. Mfumo uliochaguliwa ukaandikwa kwa ukamilifu wake, na Novemba 1993 ukapigiwa kura dhidi ya ule wa zamani. Ukapita kwa asilimia 53.9. Angalia tofauti hiyo: 85 walitaka mabadiliko kwa jumla, lakini mabadiliko yalipowekwa mezani na maelezo yake yote, waliobaki walikuwa nusu na kidogo. Na bado yakapita, na mfumo ule wanautumia hadi leo. Kura ya pili haikuiua ile ya kwanza, iliipa miguu.

#4 Mdau wa Nairobi

Nimekuwa nikisoma kimya kimya, wacha niseme kidogo. Sisi Kenya tumepiga kura ya katiba mara mbili, 2005 na 2010, na mara zote mbili andiko lilikuwepo. Mwaka 2005 tulikuwa na ndizi na chungwa: ndizi ni ndiyo, chungwa ni hapana. Wengi wakachagua chungwa na rasimu ikaanguka. Tarehe 4 Agosti 2010 rasimu mpya ikapita kwa asilimia 67 hivi. Sijasema kila mtu alisoma, la hasha. Lakini kanisani, kwenye matatu, sokoni, watu walibishana kuhusu vifungu: kifungu cha mahakama ya Kadhi, kifungu cha uhai, mambo ya ardhi. Waliotaka kupinga walikuwa na kitu cha kunyooshea kidole.

Swali langu kwa mleta uzi. Hawa Waingereza si wana Bunge ambalo wanajivunia kuwa ni mama wa mabunge? Wabunge si ndio kazi yao kusoma hizo kurasa 585? Mbona wananchi waburutwe tena?

#5 Mleta uzi

Ahsante ndugu wa Nairobi. Kwa mfano wako wa kubishania vifungu umenisaidia kuliko nilivyojisaidia mwenyewe.

Kuhusu Bunge: lilipewa nafasi, na likakwama. Hata nafasi yenyewe ilipatikana kwa kupigania. Ilibidi mfanyabiashara Gina Miller aende mahakamani, na Januari 2017 Mahakama ya Juu ikaamua kwa majaji 8 dhidi ya 3 kwamba serikali haiwezi kuanzisha safari ya kujitoa bila Bunge kuidhinisha. Desemba mwaka huo wabunge wakajipatia haki ya kuupigia kura mkataba wa mwisho, kwa kura 309 dhidi ya 305. Kura nne tu.

Kisha tazama kilichotokea. Waziri Mkuu Theresa May aliitisha uchaguzi Juni 2017 akitafuta nguvu, akapoteza hata wingi aliokuwa nao, akawa anategemea wabunge kumi wa chama cha DUP cha Ireland Kaskazini. Akaleta mkataba wake bungeni tarehe 15 Januari 2019: 432 wakaukataa, 202 wakaukubali. Akaurudisha tarehe 12 Machi, ukaanguka kwa kura 149. Akaurudisha tarehe 29 Machi, siku ambayo Uingereza ilipangiwa kuwa imeondoka, ukaanguka kwa 58.

Mkuu wa Tanga, hapa naomba unisikilize. Mkataba mmoja ulipigiwa kura na wabunge mara tatu ndani ya miezi mitatu, na walioutaka waliona ni sawa kabisa kuwaomba wabunge wabadili mawazo. Mwananchi kuulizwa mara moja tu juu ya mkataba huohuo ndiyo ikaitwa usaliti.

Wabunge wenyewe wakajaribu kutafuta njia. Tarehe 27 Machi walipiga kura juu ya mapendekezo manane kwa jioni moja, yote yakaanguka. Tarehe 1 Aprili wakajaribu manne. Pendekezo la kuubakiza Umoja wa Forodha lilishindwa kwa kura tatu, 273 kwa 276. Pendekezo la kwamba mkataba wowote utakaopita upelekwe kwanza kwa wananchi lilishindwa kwa kura 12, 280 kwa 292. Lilipata kura nyingi za ndiyo kuliko lolote lingine usiku ule, lakini wingi haukutimia. Niliangalia matangazo hadi Spika alipotangaza matokeo, nikazima televisheni na nisipate usingizi. Bunge halikuweza kukubaliana juu ya aina yoyote ya kujitoa, na halikuwa tayari kumrudishia uamuzi mwananchi aliyelipatia kazi hiyo.

Na suala la Ireland Kaskazini ndilo linaloniuma zaidi. Mpaka wa pale una urefu wa karibu kilomita 500, unapita katikati ya mashamba na vijiji, na barabara zinazouvuka ni zaidi ya mia mbili. Zamani palikuwa na wanajeshi na minara ya ulinzi. Leo ukipita kwa gari huoni kitu, labda alama ya mwendo inabadilika kutoka maili kwenda kilomita. Ukitoka kwenye forodha ya Ulaya, lazima ukaguzi wa bidhaa ufanyike mahali fulani: kwenye mpaka huo, ambako kila mtu aliogopa kurudisha mambo ya zamani, au baharini kati ya kisiwa hicho na Uingereza kuu. Mkataba wa Boris Johnson, aliyemrithi May, wa Oktoba 2019 ulichagua bahari. Watu wa Ireland Kaskazini walikuwa wamepiga asilimia 55.8 kubaki. Hao hao ambao mwaka 1998 waliletewa andiko nyumbani, safari hii nchi yao ilipitishiwa mstari wa forodha bila wao kuulizwa. Walichopewa ni kwamba wabunge wao wa Belfast waupigie kura mpango huo baada ya kila kipindi cha miaka kadhaa. Kura ya kwanza ya aina hiyo ilipigwa Desemba 2024, ikapita 48 kwa 36, na vyama vya wanaotaka kubaki na Uingereza vyote vikapinga.

#6 Mdau wa Mwanza

Mleta uzi, mimi nataka jambo la vitendo. Hiyo karatasi ya pili ingeandikwa nini? Mkataba dhidi ya kubaki? Wanaotaka kutoka bila mkataba wangesema hawana kisanduku. Mkataba dhidi ya kutoka bila mkataba? Wa kubaki wangesusa. Ukiweka vyote vitatu, kura za kujitoa zinagawanyika mafungu mawili na kubaki kunapita katikati na asilimia 40. Umeshalifikiria hilo? Na muda je?

#7 Mleta uzi

Nimelifikiria, na hapa pagumu kweli.

Muda: wataalamu wa katiba wa chuo cha University College London, kitengo kinachoitwa Constitution Unit, walikadiria mwaka 2018 kwamba kuandaa kura hiyo kungechukua si chini ya wiki 22, kuanzia kutunga sheria na kulijaribu swali hadi kampeni. Ulaya waliongeza muda mara tatu kwa sababu ndogo kuliko hiyo, kwa hiyo muda ungepatikana.

Swali: vyote vitatu kwenye karatasi moja kwa alama moja ungekuwa udanganyifu kama ulivyosema. Mpiga kura angeweza kupanga kwa namba 1, 2, 3, kama Ireland wanavyofanya kwenye uchaguzi wao, lakini Waingereza hawana mazoea hayo. Mimi ningechagua mkataba dhidi ya kubaki. Kubaki kuliwezekana kisheria, kwani Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua tarehe 10 Desemba 2018 kwamba Uingereza inaweza kufuta taarifa yake ya kujitoa bila kuomba ruhusa ya yeyote. Mkataba ulikuwepo, umekubaliwa na pande mbili. Kutoka bila mkataba haukuwa mpango wa mtu yeyote ulioandikwa, na kuuweka pale ni kurudia karatasi tupu ya 2016. Najua mtu wa msimamo mkali angekasirika. Lakini angekuwa na mwezi mzima wa kampeni kueleza kwa nini mkataba huo ni mbaya.

#8 Mdau wa Dodoma

Samahanini wakubwa, mie nauliza tu. Sisi huku inatuhusu nini?

#9 Mleta uzi

Inatuhusu, dada au kaka. Julai 2016, wiki chache baada ya kura ile, Tanzania ilijiondoa kwenye kusaini mkataba wa biashara kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, na moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa hiyo Brexit. Kenya na Rwanda wakasaini Septemba. Kenya ndiyo pekee katika jumuiya ya wakati ule ambayo haihesabiwi kuwa nchi maskini zaidi, kwa hiyo bila mkataba maua na maharage yake yangetozwa ushuru. Uingereza ilipotoka, Kenya ikalazimika kujadiliana nayo upya, na wakasaini London tarehe 8 Desemba 2020, wiki tatu kabla ya kipindi cha mpito kwisha. Mkulima wa Naivasha alisubiri masharti ya Brexit kama mfanyakazi wa kiwanda cha magari cha Sunderland.

#10 Mdau wa Tanga

Nimekusoma. Lakini uchaguzi wa tarehe 12 Desemba 2019 si ndio ilikuwa kura yenyewe? Johnson alisema nipeni kura nimalize Brexit, wakampa viti 365. Wananchi walishajibu.

#11 Mleta uzi

Walijibu kuhusu nani aingie ikulu ya Downing Street, na sababu zilikuwa nyingi. Wapo waliompa kura kwa sababu walimwogopa Corbyn, kiongozi wa chama cha Labour. Wapo waliochoka tu na kelele za miaka mitatu. Chama cha Johnson kilipata asilimia 43.6 ya kura, na vyama vilivyoahidi kuwarudishia wananchi uamuzi, vikijumlishwa, vilipita nusu. Sisemi kila aliyepigia vyama hivyo alitaka kura ya pili. Nasema uchaguzi wa wabunge haukutupa jibu la swali hilo kwa upande wowote, na ndiyo maana kura ya maoni ipo.

Na Johnson hakushinda na mkataba kamili mkononi. Alikuwa na ule wa kutokea mlangoni tu. Mkataba wa biashara, ambao ndio maisha yenyewe, ulikubaliwa mkesha wa Krismasi 2020. Kurasa zaidi ya 1,200. Tarehe 30 Desemba ukapitishwa bungeni kwa siku moja, kura 521 kwa 73, na saa chache baadaye ukawa sheria. Wavuvi, ambao meli zao zilitumika kama bendera ya kampeni ya kujitoa, walitarajia kurudishiwa bahari yao. Walichokikuta kwenye kurasa zile ni robo ya thamani ya samaki waliokuwa wakivuliwa na meli za Ulaya kwenye maji ya Uingereza, tena kwa awamu za miaka mitano na nusu. Viongozi wa vyama vyao walisema wazi kwamba wamesalitiwa. Hao walipiga kura kujitoa, mkuu, ni wenzako kwa msimamo. Mimi nilitaka na wao waulizwe.